Yule Mwanamke wa Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Juzi nilipeleka mahindi kusagwa. Siku hizi nanunua unga wa pakiti kama watu wengine wavivu, lakini mwenzangu wa kazini alikuwa ameniletea mahindi ya shamba la kwao, nikaona aibu kuyaachia fukusi. Nikasimama kwenye foleni chini ya balbu iliyovaa vumbi la unga, zile balbu za zamani zinazochoma, na harufu ikanifikia: unga unaoungua polepole pasipo moto. Mwenye mashine akaniuliza kama nataka yakobolewe kwanza au yasagwe hivyo hivyo, nikamkodolea macho tu. Nilikuwa nimerudi Matisi, mtaa wa utoto wangu, nimekaa kwenye benchi gizani, na nilijua nikigeuza shingo nitamwona yule mwanamke.

Ninyi wa rika langu mnavikumbuka vile vyumba vya gemu. Kila mtaa ulikuwa na chake, na kila mzazi alikuwa na maoni yake, na maoni yote yalikuwa mamoja. Chetu kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga ya Wekesa, kijana mnene mpole aliyeachiwa kazi hiyo na babake. Ukuta wa mabati ulitenganisha mashine na chumba cha gemu, na dirisha lilizibwa kwa magunia ili mwanga usiharibu picha. Lakini unga haujui ukuta. Ulikaa kwenye nyusi zetu, ukakaa kwenye benchi, ukakaa juu ya televisheni, na televisheni ikishapata moto unga ule ulianza kuungua. Wengine utoto wao unanukia maandazi. Wangu unanukia hivyo.

Tulicheza mpira, tulicheza magari, tulipigana ngumi za kwenye kioo. Halafu siku moja Wekesa akaja na sidi mpya aliyoipata kwa mchuuzi aliyetoka nayo mpakani Malaba. Haikuwa na kasha wala picha, na maandishi yake yalikuwa ya Kichina. Tuliyaita ya Kichina kwa sababu hatukuwa na jina lingine. Nikiyakumbuka sasa nadhani yalikuwa ya Kijapani. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kusoma herufi moja. Kwa hiyo hakuna aliyetuambia gemu ile ilikuwa inataka nini kwetu, na nafikiri hapo ndipo hofu ilipoanzia.

Ndani ya gemu wewe ulikuwa mtoto wa kike mwenye tochi ndogo, ndani ya nyumba kubwa ya mbao. Milango yake ilikuwa ya karatasi, ya kusukuma kando. Hakukuwa na muziki. Gemu zote tulizozijua zilikuwa na muziki wa kukupa moyo, lakini hii ilikuacha peke yako na sauti ya miguu yako kwenye mbao. Ukitembea, mbao zinalia. Ukisimama, zinanyamaza. Halafu unasimama, na mbao zinaendelea kulia, mahali pengine, nyuma ya karatasi. Hapo ndipo pedi ya kuchezea mkononi mwako ilianza kutetemeka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, na ulijua yule mwanamke ameanza kuja.

Alivaa nguo nyeupe ndefu, na nywele zake zilifunika uso wote mpaka kifuani. Hakukimbia hata siku moja. Wewe ulikimbia, ukapanda ngazi, ukafunga milango, ukajiingiza kabatini na kuzima tochi, naye akaja tu kwa mwendo wake ule wa mtu aliyechoka, akakufikia. Kisha kioo kinakuwa cheusi na unaanza upya.

Watu wazima husema, "Si ni gemu tu." Wanasema hivyo kwa sababu hawakukaa pale. Niliona wavulana wakubwa, waliowahi kumchokoza mbwa wa chifu, wakiweka pedi chini na kusema wanaitwa nyumbani. Mimi mwenyewe nilitazama kati ya vidole vyangu. Lakini kulikuwa na kitu zaidi ya woga, na sikuwa na jina lake wakati ule. Ni kama unapoingia kanisani katikati ya wiki, hakuna mtu, na unajikuta unatembea kwa ncha za vidole. Mahali fulani duniani kulikuwa na mtu ambaye hakutujua, hakujua Matisi iko wapi, na aliweza kutunyamazisha sote kwenye benchi moja kwa sauti ya ubao. Nilimheshimu mtu huyo. Bado namheshimu.

Mashine ya kusaga ndiyo iliyokuwa kimbilio letu. Ikinguruma, sauti za gemu zinazama, na picha yenyewe inanywea kwa sababu umeme ulikuwa wa kugawana. Mwanamke akija katikati ya kelele zile, unacheka. Kwa hiyo tulikuwa tukiomba wateja. Mama yeyote akitokea na debe lake la mahindi, tulifurahi kuliko Wekesa. Lakini debe husagika likaisha. Mashine inazimwa, mkanda unazunguka mara za mwisho ukilegea, picha inapanuka na kung'aa, na ukimya unaingia pande zote mbili kwa pamoja, wa kwetu na wa ile nyumba. Hapo utasikia Wekesa akisema anaenda kuangalia mkanda.

"Si umetoka kuuangalia sasa hivi?" Wanjala alimuuliza siku moja.

"Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio," Wekesa akajibu, yuko mlangoni tayari. "Nyinyi kuweni mashujaa. Mimi nitawazika."

Wanjala alikuwa mtoto wa jirani yetu, mrefu, mwenye vidole vyepesi, na ndiye aliyefika mbali kuliko sote. Aligundua kwamba kwenye chumba cha mwisho juu kuna meza yenye kioo cha kujitazamia, na kwenye droo yake kuna mkasi. Sote tulipiga kelele. Silaha! Alimngoja mwanamke kwenye korido, akamrukia, akabonyeza, na kioo kikawa cheusi. Akajaribu kutoka nyuma ya mlango. Cheusi. Akajaribu kutoka juu ya ngazi, akimwendea mbio na mkasi mbele.

"Huyu mama ni noma, manze," akasema, akijifuta jasho na kujipaka unga. "Hauwawi. Ati unamdunga na yeye hata haskii."

"Ni jini," mmoja akasema.

"Ni mchawi. Hujaona vile anatembea?"

Mimi nilinyamaza. Nilikuwa najua mtu mwingine aliyetembea vile.

Baba yangu aliugua kifua kwa muda mrefu, akafa, tukamzika kwao karibu na Kibabii, upande wa Bungoma. Sisi Wabukusu tukishazika hatutawanyiki hivi hivi. Inafika asubuhi ya kunyolewa. Wenye msiba wanatoka nje, wanakaa chini uani, wanainamisha vichwa, na mtu mzima wa boma anawanyoa mmoja mmoja kwa wembe na maji. Nilikuwa nimeiona alipokufa babu. Nywele zile ndizo zilizokuwepo wakati wa kifo, zimeshika machozi na moshi na vumbi la kaburi. Zinaondoka, na wewe unainuka ukarudi kwa watu.

Lakini mama alikuwa ameingia kanisa moja dogo la Matisi lililofundisha kwamba kunyolewa ni kuabudu wafu. Kabla asubuhi ile haijafika, akanishika mkono, akachukua begi. Baba zangu wadogo walisimama tu wakitutazama. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alitusindikiza mpaka langoni. Hakupiga kelele. Alimwambia mama, "Kichwa ni chako. Utatembea nacho mpaka uchoke."

Nilikuwa mtoto, nikasikia laana. Nilielewa kwamba mama atatembea.

Na kweli alitembea. Nyumba yetu ya Matisi ilikuwa chumba kimoja na pazia, katika ploti ya vyumba vinavyotazamana na korido ya saruji katikati. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake aliifunika kwa leso siku tuliyorudi, na leso ile haikutoka. Alitoka kitandani hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, akasahau alichofuata, akarudi. Hakunyolewa, wala hakusuka. Kusuka ingekuwa kama kusema msiba umekwisha, na kunyolewa alikukataa kwa kinywa chake mwenyewe. Basi nywele zikabaki pale katikati, zikaota, zikasimama, zikaanguka usoni, na yeye nyuma yake. Kina mama wa kanisa walikuja kuomba naye mara nyingi mwanzoni. Kisha mara chache.

Alinipikia. Alinifulia sare. Sitaki mtu afikiri nililala njaa. Lakini hakuniangalia. Nilisimama mbele yake na ripoti ya shule, naye akasema "Vizuri" kwa ukuta. Nilijisuka mwenyewe mistari, maana shule yetu iliruhusu, nikaisuka ikapinda kama barabara ya Kapenguria, nikangoja anicheke. Hakuona. Nilianza kuogopa kwamba siku moja atanipita kwenye korido ile ya saruji bila kujua mimi ni nani. Nilitaka uso wa mama yangu urudi. Sikutaka kitu kingine duniani, hata kufaulu, hata viatu.

Sasa mnaelewa kwa nini nilinyamaza kwenye benchi.

Siku moja, mchana wa Jumamosi, Wanjala alifika tena chumba cha juu, akachukua mkasi, na akachelewa kutoka. Badala ya kumkuta mwanamke akitembea, tulimkuta amekaa. Alikuwa chini sakafuni mbele ya ile meza ya kioo, miguu ameikunja, kichwa amekiinamisha, na nywele zote zimemwagika mbele mpaka kwenye mbao. Benchi nzima ikarudi nyuma.

"Amejificha, anatutegea," mtu akanong'ona.

Lakini mimi nilikuwa nimeuona mkao ule. Niliuona uani kwa babu, asubuhi, beseni la maji kando. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Hajajificha. Amekaa kunyolewa."

Wakageuka wote.

"Ati nini?"

"Amefiwa. Hakunyolewa. Ndiyo maana anatembea. Huo mkasi si wa kumdunga, Wanjala. Ni wa nywele."

Wakacheka, lakini si kwa muda mrefu. Wengi wao walikuwa watoto wa Bungoma na wa huku huku Trans-Nzoia, na hakuna ambaye hakuwa amewahi kukaa uani asubuhi ya kunyolewa. Niliona wazo likipita kwenye nyuso zao zenye unga. Hata Kiboi, ambaye kwao ni Mlima Elgon na wana mila zao nyingine, alikuna kichwa.

"Si ucheze wewe basi," Wanjala akasema, akanipa pedi. Nadhani alifurahi kuiachia.

Sikuwa nimewahi kuishika kwenye gemu ile. Ilikuwa nzito na yenye jasho. Mwanamke alikuwa ameinuka tayari na anakuja, maana tulikuwa tumekawia pale tukibishana. Vidole vyangu vilitaka kukimbia. Nyuma ya mabati mashine ilikuwa ikisaga debe la mtu, na nikaomba Mungu debe lile liwe la unga wa harusi, lisiishe. Likaisha. Mkanda ukalegea. Picha ikapanuka, na ukimya ukaja.

"Kimbia bana!" Kiboi akasema.

Sikukimbia. Pedi ilitetemeka mpaka viwiko vyangu. Alikuja, alikuja, nywele zikajaza kioo chote, nikawa sioni kingine ila weusi na nyuzi zake moja moja, na nikasikia pumzi, na sijui hata leo kama ilikuwa yake au yangu. Sikubonyeza. Wote kabla yangu walibonyeza wakati anakuja. Mimi nilijua hunyoi mtu aliyesimama, kwa hiyo nilingoja akae.

Akakaa.

Alipiga magoti mbele ya mtoto yule mwenye tochi, akainamisha kichwa. Pedi ikaacha kutetemeka. Hapo nikabonyeza, na katika ukimya ule wa Matisi tukasikia mkasi. Kacha. Kacha. Nywele zikaanguka kwenye mbao. Niligeuka kidogo nikamwona Wekesa mlangoni, gorogoro la kupimia mkononi, unga unamwagika miguuni pake na yeye hana habari.

Kisha mwanamke akainua uso. Nilikuwa nimejiandaa kwa mafuvu, kwa macho ya damu, kwa lolote. Ulikuwa uso wa mtu. Mama wa kawaida, amechoka, ana mikunjo kando ya macho. Aliangalia kutoka ndani ya kioo kile, moja kwa moja, akaniona. Najua kioo hakioni. Nawaambia aliniona. Nyuma yake mlango wa karatasi ukasogea kando peke yake, na kulikuwa na asubuhi nje, majani yana umande, na mwanamke akatoka akaenda zake. Maandishi yakaanza kupanda, mengi, ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa.

Hakuna aliyeshangilia. Tungefunga bao tungevunja benchi. Wanjala alivua kofia yake, sijui kwa nini, akaishika kifuani.

"Umejuaje?" Wekesa akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkubwa wake.

Nilimrudishia Wanjala pedi. Nilikuwa nimeshainuka. Nilikuwa na mahali pa kwenda.

Mpwa wangu, mtaalamu wa mambo haya, ameniambia mara nyingi nimweleze gemu ile ilivyokuwa ataitafuta mtandaoni, atanionyesha jina lake na maana ya mkasi ule kwa walioitengeneza. Nimekataa. Huenda kwao mkasi una maana nyingine kabisa. Huenda tulishinda kwa bahati, au hata hatukushinda, na maandishi yale yalikuwa yakituambia tumekosea. Sitaki kujua.

Nilitembea nyumbani katika jua kali la mchana. Korido ya ploti yetu ilikuwa na giza baada ya mwanga wa nje, milango imefungwa pande zote, na saruji haikulia, lakini mimi niliisikia ikilia. Nilisukuma mlango wetu. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kichwa chini, nywele mbele. Sijui alikuwa anafanya nini. Labda alikuwa ameangusha kitu na akasahau kuinuka.

Niliogopa. Nitalisema wazi kwa sababu ni kweli: nilimwogopa mama yangu mzazi kuliko nilivyomwogopa yule wa gemu, kwa sababu huyu hakuwa na kitufe cha kuanza upya. Miguu ilitaka kutoka. Lakini nilikuwa nimetoka kujifunza kitu, kingali cha moto mikononi. Nikafunua leso kwenye cherehani, nikavuta droo, nikatoa mkasi wake mkubwa wa vitambaa. Nikaja nikasimama mbele yake. Nikangoja.

Kisha kutoka nyuma ya nywele akasema, "Huo mkasi wa nini?"

"Nikunyoe."

"Nani amekutuma? Kukhu wako?"

"Hakuna. Nimeona unatembea, mama. Nataka usitembee tena."

Mabega yake yalianza kutikisika. Nilifikiri amekasirika. Kisha nikasikia sauti, na ilikuwa kilio, kilio kikubwa kile cha matanga, cha kufungua mdomo, ambacho hakukitoa hata kaburini kwa sababu kanisa lilimwambia aliyeokoka halii kama wasio na tumaini. Majirani walifungua milango. Mama Wanjala alikuja mbio na mwiko mkononi, akaona, akafunga mlango wetu taratibu, akasimama nje asiruhusu mtu. Sikujua la kufanya, nikabaki nimesimama na mkasi.

Alipomaliza, alijifuta kwa leso ya cherehani. "Weka hiyo kitu chini kabla hujajikata," akasema. "Si wewe wa kuninyoa. Mtoto hanyoi mama yake."

"Basi nani?"

Aliangalia ukuta, nikafikiri amerudi tena alikokuwa.

"Nenda ukaoshe miguu," akasema. "Tunaenda Bungoma."

Nilitarajia mambo makubwa. Nilitarajia Kukhu atatungoja langoni mikono imenyooshwa, au atatufukuza na fimbo. Kukhu alikuwa anapepeta maharagwe. Alitutazama tukiingia boma, akaendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha, akauweka chini.

"Mmekura?" akauliza, maana ulimi wake uliigeuza l kuwa r.

"Bado, mama," mama yangu akasema. Kisha akapiga magoti pale pale kwenye vumbi na kuanza kuvua kitambaa cha kichwa.

"Funga, funga. Jua yote hii imeenda, nani ananyoa saa hii? Wewe unataka watu waseme nimeota wazimu?" Kukhu akamshika mkono kumwinua. "Hiyo ni kazi ya asubuhi. Mtakura, mtarara, harafu kesho tutaona."

Mimi sikuweza kungoja kesho. Nilimfuata jikoni nikamuuliza kwa nini alimlaani mama yangu. Alisimama na kibuyu cha maziwa mkononi, amenishangaa.

"Nimraani? Mimi?"

"Ulimwambia atatembea."

"Nirimwambia kichwa ni chake," akasema. "Ningemshika kwa nguvu, wewe? Huzuni ya mtu haichukuriwi kwa nguvu. Anatembea nayo, akichoka anaketi. Akiketi, mwenye wembe awe karibu. Si hivyo tu?" Akanipa maziwa. "Kunywa. Umebaki mifupa."

Nilikunywa nikimtazama juu ya kikombe. Alikuwa ameingoja siku hiyo bila kumwita mtu, na hakuona kuwa amefanya jambo lolote.

Asubuhi kulikuwa na umande kwenye migomba na ukungu upande wa mto. Mama alitoka nje, akakaa chini uani, akakunja miguu, akainamisha kichwa. Beseni la maji lilikuwa kando yake. Kukhu alitoa wembe kwenye kitambaa, akaloweka nywele, akaanza kutoka kwenye kisogo akija mbele. Baba zangu wadogo walikuja wakasimama, kofia mkononi. Nilisikia wembe. Nywele zikaanguka kwenye nyasi.

Kukhu alipofika kwenye paji la uso alimfuta mama kwa maji, akarudi nyuma. Mama akainua kichwa. Sikuwa nimewahi kuona kitu kizuri namna ile, wala sijaona tangu siku hiyo. Alikuwa na uso. Alikuwa na mikunjo midogo kando ya macho ambayo sikuijua, na kidonda kidogo wembe ulipogusa. Aligusa kichwa chake kwa viganja vyote viwili, akashangaa.

"Nasikia upepo," akasema.

Kisha akageuka, akaniangalia. Macho yake yalishuka kutoka kwenye uso wangu mpaka kwenye miguu, yakapanda tena, yakasimama kichwani. Nikaona midomo yake ikianza kucheza.

"Na wewe," mama akasema, "nani alikusuka hivyo vibaya?"

"Nilijisuka."

"Uliangalia kioo au ulifunga macho?"

Baba mdogo mmoja akacheka, akaficha kwa kukohoa. Kukhu alikuwa ameshasuuza wembe na ananiita kwa kidole, ilikuwa zamu yangu. Lakini mama alimzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza nifumue," akasema. Akanivuta, akanikalisha kati ya magoti yake pale kwenye nyasi zenye nywele, akaanza kufumua mistari yangu iliyopinda, mmoja baada ya mwingine.